Mti Mdogo Ndani ya Nyumba: Maswali Yenu Kuhusu Bonsai za Nchi za Joto

Safari hii nimeziweka pamoja barua zinazouliza juu ya bonsai zinazotunzwa ndani ya nyumba, kwa kuwa zimekuwa nyingi na zinafanana kuliko waandishi wake wanavyodhani. Wengi wenu mmeuliza kuhusu maji, ilhali nilipozisoma barua hizo mara ya pili niliona kwamba mlikuwa mnanieleza habari za mwanga. Kabla ya majibu niseme jambo moja: bonsai si aina ya mti, na anayekuuzia mbegu za bonsai anakuuzia mbegu za mti wa kawaida. Ni neno la Kijapani lenye maana ya mmea uliooteshwa katika chombo kifupi kilicho wazi, na sanaa yenyewe Wajapani waliipokea kutoka China. Mti huo huo ukipandwa ardhini ungefikia kimo cha wenzake. Udogo wake unatokana na mkasi, chungu na subira. Kwa hiyo una mahitaji yote ya mti, ila akiba yake ya maji na chakula ni ya udongo unaoenea katika viganja viwili.

Swali: Ndugu Mshauri, mwezi mmoja uliopita nilipewa zawadi ya bonsai yenye mizizi minene iliyotuna na kuonekana juu ya udongo kama miguu ya mtoto mchanga. Ilikuja na majani mengi yanayong'aa. Nimeiweka juu ya kabati la vitabu sebuleni, na kila asubuhi ninaimwagilia kikombe kimoja cha maji. Majani yamegeuka manjano na kudondoka, na yaliyobaki hayafiki ishirini. Je, niongeze maji, au mti umekwisha kufa?
Msomaji mwenye majani ishirini

Jibu: Ndugu msomaji, usiongeze maji, kikombe hicho cha kila asubuhi ndicho cha kwanza kusimamishwa. Lakini tuanze kwa kuthibitisha kwamba mti ungali hai. Kwaruza gome la kijitawi kimoja kwa ukucha, kidogo tu, mahali padogo kama punje ya mchele. Ukiona rangi ya kijani yenye unyevu chini ya gome, kijitawi hicho ki hai hata kama hakina jani hata moja. Ukiona kahawia kavu, shuka kuelekea shina na ujaribu tena. Mti wa namna hii uliopoteza majani yote lakini ungali na kijani chini ya gome la shina mara nyingi huchipua upya, kwa hiyo usiharakishe kuutupa.

Kwa maelezo yako, mti huo ni Ficus microcarpa, ambao wapenzi wa bonsai huuita fikasi, nao ni wa ukoo mmoja na mkuyu na mtini. Watu wanaoukuza kwa ajili ya kuuza huuacha mpaka mizizi yake itune, kisha huikata sehemu ya juu na mara nyingi hupandikiza vijitawi vya aina yenye majani madogo zaidi. Ni mti mvumilivu, na ndio ninaowashauri wanaoanza wautafute, ila una tabia moja inayowatia watu hofu: ukihamishwa hudondosha majani. Jani lililokua katika banda la kioo lenye mwanga mwingi limejengwa kwa mwanga ule, na likiletwa kivulini hutumia chakula kingi kuliko linachotengeneza, nao mti huliacha lianguke. Upotevu wa aina hiyo hukoma wenyewe baada ya wiki chache. Wako haukukoma, na hapo ninalishuku kabati.

Jicho la binadamu ni shahidi asiyeaminika katika jambo la mwanga, kwa sababu mboni hupanuka gizani na kukufanya uone kona ya chumba kuwa angavu. Kwa kweli mwanga hupungua upesi sana kadiri unavyosogea mbali na dirisha, na hatua mbili tatu tu ndani ya chumba huenda pamebaki sehemu ndogo ya ule ulioko kwenye kioo. Jaribu hivi: wakati wa adhuhuri nyoosha mkono juu ya majani ya mti wako. Kivuli chenye kingo zinazoonekana wazi ni dalili njema. Kivuli kilichofifia kina maana kwamba mti unaishi kwa kubahatisha. Na usipoona kivuli chochote, hapo pana nafasi ya vitabu tu.

Maji nayo yanaingia hapo hapo. Majani ndiyo yanayoyavuta maji kutoka mizizini, nayo huyavuta kwa nguvu ya mwanga. Mwanga ukiwa haba mti haunywi, udongo unabaki umejaa maji, hewa inafukuzwa katika nafasi zilizomo kati ya chembe za udongo, na mizizi, ambayo nayo hupumua, inaanza kufa na kushambuliwa na kuvu. Mizizi iliyooza haiwezi tena kupandisha maji, kwa hiyo majani yanalegea na kuwa manjano kana kwamba mti una kiu, na mwenye mti, kwa huruma yake, anaongeza maji. Fikasi yangu ya kwanza niliiua kwa huruma ya namna hiyo.

Isogeze basi karibu na dirisha linalopata mwanga mwingi kuliko yote nyumbani, isiwe mbali na kioo zaidi ya nusu mita. Kama jua linapiga moja kwa moja pale, iongezee saa za jua polepole katika muda wa wiki mbili, kwa maana jani lililozoea kivuli huungua. Kila wiki uzungushe chungu robo ya mzunguko, la sivyo mti utainama wote kuelekea dirishani. Kama nyumba yako haina dirisha la kufaa, taa ya LED ya kukuzia mimea iliyoning'inizwa kiasi cha sentimita 30 juu ya mti na kuwashwa saa 12 hadi 14 kwa siku inatosha kabisa. Usiupe mbolea sasa, wala usiubadilishe udongo, isipokuwa chungu kinatoa harufu ya uozo. Ukiona vichomozi vyekundu au vya kijani vilivyochongoka kwenye ncha za vijitawi, mti umeamua kubaki.

Swali: Mpendwa Mshauri, kikaratasi kilichokuja na mti wangu kinasema nimwagilie mara mbili kwa wiki. Aliyeniuzia alisema kila siku. Rafiki yangu ananishauri niweke vipande vitatu vya barafu juu ya udongo kila Jumapili. Nimfuate nani? Pia, ukoko mweupe umetokea kwenye ukingo wa chungu; huo ni nini?
Mwenye washauri wengi

Jibu: Usimfuate hata mmoja. Wote watatu wamekupa kalenda, ilhali mti hauijui kalenda. Mti ule ule unaoweza kumaliza maji ya chungu kwa siku moja ya jua kali na upepo unaweza kukaa siku sita katika wiki ya mawingu bila kuhitaji tone. Barafu ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa maji yake ni machache, yanalowesha sehemu moja tu ya udongo, na mizizi ya mti wa nchi za joto haina sababu ya kukutana na baridi ya namna hiyo.

Unachopaswa kufanya kila siku ni kukagua, si kumwagilia. Chomeka kidole sentimita moja au mbili ndani ya udongo. Ukiukuta una ubichi, ondoka. Ukiukuta umeanza kukauka, mwagilia. Wasiopenda kuchafua kidole huchomeka kijiti cha mbao kisichopakwa rangi, hukiacha dakika kumi, kisha hukitazama kama kimelowa. Mimi mwenyewe hunyanyua chungu tu, kwani baada ya majuma machache mkono hujifunza tofauti ya uzito, na mkono haudanganywi na udongo uliokauka juu ilhali chini ni tope.

Unapomwagilia, mwagilia kweli: maji yatiririke kupitia matundu ya chini, ngoja dakika chache, kisha rudia. Kumwaga kidogo kidogo kila siku hulowesha tabaka la juu na kuiacha mizizi ya chini ikiwa mikavu. Baadaye mwaga maji yaliyokusanyika kwenye kisahani. Endapo udongo ulikauka kupita kiasi, hasa ule wenye mboji nyingi, utaona umejitenga na kingo za chungu na maji yanapita pembeni kama yanayokimbia; hapo uzamishe chungu kizima katika beseni hadi maji yafunike udongo, na ukitoe mapovu yakikoma.

Miti haifanani katika hili. Fikasi hupenda udongo uanze kukauka kabla ya maji mengine. Carmona, yule mwenye majani madogo ya kung'aa na maua meupe, hukasirika ukimwacha akauke kabisa, na hukasirika vilevile akikaa majini. Sipendi kumshauri anayeanza amchukue, ijapokuwa maduka yanampenda. Crassula ovata na Portulacaria afra, wote wa asili ya kusini mwa Afrika, huhifadhi maji katika majani yao manene, na kwao ni heri uchelewe siku nne kuliko uwahi siku moja.

Kuhusu ukoko mweupe unaosema umetokea kwenye ukingo wa chungu, hiyo ni chokaa na chumvi za mbolea zinazobaki maji yanapoyeyuka hewani. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Ukiwa huna, mara moja kwa mwezi pitisha maji mengi katika udongo, yapite na kupita, yabebe chumvi hizo.

Swali: Mheshimiwa, bonsai yangu ya junipa ilikaa kijani juu ya meza yangu ya ofisini miezi miwili bila tatizo lolote, kisha ikageuka kahawia ndani ya siku chache. Nilikosea nini wiki hiyo ya mwisho?
Mfanyakazi wa ghorofa ya tatu

Jibu: Wiki hiyo hukukosea chochote, kwa sababu inaelekea mti ulikuwa umekwisha kufa wiki kadhaa kabla yake. Junipa, kama misonobari na jamaa zake, hubaki na rangi ya kijani muda mrefu baada ya uhai kutoka, mfano wa tawi lililokatwa. Ni mti wa nje, unaohitaji jua kamili na majira ya baridi ya kupumzika, na hakuna utunzaji wa ofisini unaoweza kuyafidia hayo. Bonsai nyingi mashuhuri tunazoziona pichani ni za aina hiyo. Ule msonobari mweupe wa familia ya Yamaki, unaotunzwa tangu mwaka 1625, ulionusurika bomu la Hiroshima na kutolewa zawadi kwa Marekani mwaka 1976, haukufikia umri huo juu ya meza ya mtu. Tafuta fikasi, au Schefflera ambayo huvumilia kivuli kuliko wote, na aliyekuuzia junipa kuwa ni mti wa ndani usirudi kwake kuomba ushauri.

Swali: Je, ni kweli kwamba lazima niupulizie mti maji kila siku ili upate unyevunyevu kama wa msituni?
Mpulizaji

Jibu: Si lazima. Unyevu wa kupuliza hukaa hewani dakika chache tu, ingawa huosha vumbi, jambo ambalo ni zuri. Trei yenye changarawe na maji chini ya chungu husaidia kidogo, mradi chungu kikae juu ya mawe na si ndani ya maji. Lililo kubwa ni kuuondoa mti mbele ya kiyoyozi na mbali na hita, na kuuweka mahali ambapo halijoto haishuki chini ya nyuzi 15 za Selsiasi. Mimea ikiwekwa kadhaa pamoja hutunziana unyevu.

Swali: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwanafunzi, na bonsai yangu ya fikasi nimekaa nayo miaka mitatu katika chungu kile kile. Juu ya udongo kuna mawe madogo yaliyogandishwa kwa gundi. Siku hizi nikimwagilia, maji yanakaa juu muda mrefu kabla ya kuzama, na mizizi imeanza kutokeza kwenye matundu. Nikihamishia chungu kikubwa zaidi na kuweka udongo mzuri mweusi wa bustani, je, utafurahi?
Mwanafunzi

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeona vizuri dalili mbili za chungu kilichojaa mizizi, na wakati wa kubadilisha umefika; kwa fikasi changa ni kila baada ya miaka miwili hivi, na kwa iliyokomaa mitatu hadi mitano. Lakini udongo mweusi wa bustani uache bustanini.

Ili uelewe sababu, chukua sifongo ya kuoshea vyombo, iloweshe mpaka ijae, kisha uishike ikiwa imelala bapa. Itadondosha maji, kisha itaacha. Sasa isimamishe kwa ubavu wake mrefu: maji mengine yatamiminika, ingawa hujaikamua. Ndivyo ulivyo udongo katika chungu. Maji hushikamana na chembe, na chini ya kila chungu hubaki tabaka lililojaa maji ambalo halitiririki hata kama matundu yako wazi, na unene wa tabaka hilo hutegemea ukubwa wa chembe za udongo, si kina cha chungu. Katika chungu kirefu tabaka hilo hukaa chini kabisa na mizizi mingi iko juu yake; katika chungu kifupi cha bonsai udongo huo huo mwembamba huweza kulowa karibu wote. Ndiyo maana chungu kinavyokuwa kifupi zaidi ndivyo udongo unavyopaswa kuwa na chembe kubwa zaidi, na ndiyo maana kutandaza changarawe chini ya udongo wa kawaida hakusaidii, kwani tabaka lenye maji linahamia tu juu ya changarawe na kuikaribia mizizi.

Wazoefu hutumia chembe za milimita 3 hadi 5: mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, lava iliyopondwa, na akadama, udongo mgumu wa mfinyanzi unaochimbwa Japani. Akadama ni nzuri lakini si sharti. Vigae au matofali ya kuchoma yaliyopondwa, yakichanganywa na mawe mepesi na mboji kidogo, hufanya kazi hiyo hiyo. Lililo sharti ni kuchekecha, uitupe vumbi yote, maana vumbi ndiyo inayoziba nafasi za hewa. Kazi hii inachosha, nami sijui njia ya kuikwepa.

Chagua majira ya joto, mti ukiwa unachipua kwa nguvu. Ng'oa kwanza mawe ya gundi. Yamegandishwa ili udongo usimwagike safarini, na tangu uliponunua mti yamekuzuia kuuona udongo na kuzuia maji yasipenye. Toa mti, fungua mizizi kwa kijiti kuanzia nje kuelekea ndani, na ukate isiyozidi theluthi moja, ukianza na iliyooza, ambayo ni myeusi na laini, na ile minene inayozunguka chungu. Mizizi myembamba iache, kwa maana hiyo ndiyo inayokunywa. Funika matundu kwa wavu, ufunge mti kwa waya unaopita katika matundu ili usitikisike, kwa sababu mti unaotikisika hukata vijizizi vipya kila unapoguswa. Jaza udongo mkavu, uusukume kwa kijiti uingie katikati ya mizizi, kisha mwagilia mpaka maji yanayotoka chini yawe safi.

Chungu cha ukubwa ule ule kinatosha, au kilichozidi kidogo tu. Baada ya hapo mti ukae mahali penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja kwa wiki mbili au tatu, na usipewe mbolea kwa mwezi mmoja na nusu. Ukidondosha majani machache katika muda huo, usishtuke wala usiuchimbue kutazama.

Swali: Mbolea ipi, na kiasi gani?
Msomaji asiyependa maneno mengi

Jibu: Ya maji, yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, pamoja na madini madogo kama chuma. Nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kila baada ya wiki mbili wakati mti unapokua, na mara moja kwa mwezi au kutokupa kabisa unapotulia. Udongo uwe umelowa kwanza. Mti mgonjwa haupewi.

Swali: Ndugu Mshauri, majani ya mti wangu yamekuwa na gundi, na hata meza iliyo chini yake inanata. Kuna masizi meusi juu ya baadhi ya majani, na kwenye shina nimeona vijidoa vingi vya kahawia. Sisimizi nao wamekuja. Ni ugonjwa gani huo?
Mwenye meza inayonata

Jibu: Si ugonjwa, ni wadudu gamba. Mdudu huyu hujikita mahali pamoja, kwa kawaida kando ya mshipa wa jani au kwenye kijitawi, hujifunika gamba na kufyonza utomvu. Sukari anayoshindwa kuitumia huidondosha, nayo ndiyo gundi unayoiona. Ukungu mweusi huota juu ya sukari hiyo, na sisimizi huifuata.

Ila uwe mwangalifu na hivyo vijidoa vya shinani. Gome la fikasi lina vinundu vya asili ambavyo mti hupumulia, na wapo waliovikwangua wakidhani ni wadudu. Jaribu kwa ukucha: gamba la mdudu hubanduka zima na kuacha mahali pasafi au penye majimaji, lakini kinundu ni sehemu ya gome na hakibanduki bila kuumiza.

Wasugue wadudu kwa mswaki laini au pamba iliyoloweshwa spiriti ya asilimia 70, kisha funika udongo kwa mfuko na uoshe majani yote, juu na chini, kwa maji yenye sabuni laini ya mimea, si ile kali ya kuoshea vyombo. Rudia kila baada ya siku saba, mara tatu au nne. Watu wengi hufanya vizuri mara ya kwanza na kuishia hapo, wakisahau kwamba chini ya gamba la mama aliyekufa kuna mayai yasiyoguswa na dawa. Mafuta ya mwarobaini nayo hufaa, yakipakwa jioni, mbali na jua. Mwenye Carmona ajaribu kwanza dawa yoyote kwenye tawi moja na angoje siku mbili, kwa kuwa mti huo hupoteza majani kwa dawa ambazo fikasi huzivumilia. Mti wowote mpya ukae peke yake wiki tatu kabla ya kuwekwa na wengine.

Tena, ukiona majani yamepauka kwa vijidoa vidogo mno na kuna nyuzi nyembamba kama za buibui, tikisa tawi juu ya karatasi nyeupe. Vumbi ikitembea, hao ni utitiri, ambao hustawi katika hewa kavu yenye joto. Kwao kuoga ndiyo dawa ya kwanza.

Swali: Mimi ni mzee niliyestaafu, nina muda wa kutosha na fikasi moja. Matawi yake yamerefuka, majani yako mbalimbali na ni makubwa kuliko ilipokuja, nayo haifanani tena na bonsai. Naogopa kuikata. Pia natamani shina linenepe.
Mstaafu

Jibu: Shikamoo Mzee wangu. Matawi marefu yenye majani yaliyoachana ni mti unaokwenda kuutafuta mwanga, kwa hiyo mkasi utakusaidia tu baada ya kuusogeza dirishani. Ukisha kufanya hivyo, usiogope. Acha kila tawi lifikishe majani sita hadi manane, kisha ulikate libaki na mawili au matatu. Katika kwapa la kila jani, pale linaposhikana na tawi, mna jicho lililolala, na ncha ikiondolewa macho hayo huamka, hivyo tawi moja huzaa mawili, na majani mapya huwa madogo zaidi. Kata juu kidogo ya jani linaloelekea upande unaotaka tawi liende. Utomvu mweupe kama maziwa utatoka. Ufute kwa kitambaa kibichi, na usiuache uguse macho yako wala ngozi ikiwa unadhurika na mpira.

Kwa kukunja matawi tumia waya wa alumini wenye unene wa karibu theluthi moja ya unene wa tawi, uuzungushe kwa mshazari wa nyuzi 45, kisha ulikunje tawi taratibu. Fikasi hunenepa upesi, na waya huweza kuanza kuzama katika gome baada ya majuma machache, kwa hiyo utazame kila wiki, na wakati wa kuuondoa uukate vipande kwa koleo badala ya kuuzungusha kinyume. Alama ya waya ulioachwa hukaa miaka.

Kuhusu shina, Mzee wangu, hapa kuna masikitiko kidogo. Shina hunenepa kwa majani mengi yanayoachwa yakue bila kukatwa, na ndani ya chungu kifupi cha bonsai hunenepa polepole mno. Anayetaka shina nene huuweka mti katika chungu kikubwa, au ardhini kama hali ya hewa inaruhusu, miaka kadhaa, akiuacha urefuke apendavyo yeye mti, kisha huukata mfupi na kuanza upya. Ukiwa na chungu kipana na dirisha zuri, waweza kuliacha tawi moja la chini likimbie mwaka mmoja au miwili bila kuliguza. Sehemu ya shina iliyo chini yake itanenepa, na tawi hilo utaliondoa kazi yake ikiisha. Litakuchukiza kwa sura katika muda wote huo.

Swali: Nina paka anayetafuna kila jani. Kuna hatari?
Mwenye paka

Jibu: Ndiyo. Utomvu wa fikasi humwasha paka mdomoni na kumtapisha, na Crassula ovata pia ina sumu kwake. Mti uuweke asipofika, na akiwa amekwisha kutafuna na kuanza kutapika au kudhoofika, mpeleke kwa daktari wa mifugo ukiwa na jina la mmea.

Swali: Nitasafiri wiki mbili, na nyumba itabaki tupu. Jirani yangu yuko tayari kusaidia lakini hajawahi kutunza mmea. Niuweke mti ndani ya beseni la maji?
Msafiri

Jibu: Beseni hapana, siku kumi na nne za kusimama majini ni ndefu kuliko mizizi mingi inavyoweza kuvumilia. Siku ya kuondoka mwagilia hadi maji yatiririke mara mbili, na uusogeze mti mita moja nyuma kutoka kwenye kioo, kwa sababu katika mwanga mdogo utakunywa polepole. Kwa wiki mbili hautadhurika. Usiupogoe wala kuupa mbolea juma la safari. Kama jirani asingepatikana, ungeweza kuufunika wote kwa mfuko mkubwa wa plastiki unaopitisha mwanga, mbali kabisa na jua, nao ungejitunzia unyevu wake.

Lakini jirani yuko, na ni bora kuliko mfuko. Usimwambie amwagilie kila baada ya siku ngapi. Mwite siku mbili kabla ya safari, chungu kikiwa kimekaribia kukauka, akinyanyue. Kisha umwagilie mbele yake na akinyanyue tena. Mwambie akija akikuta uzito wa kwanza amwagilie, na akikuta wa pili afunge mlango aende zake.